Mashujaa Waliokosa Karani

Mjomba wangu alikuwa fundi cherehani sokoni Lushoto, lakini si kila aliyemtafuta alikuja na kitambaa mkononi. Wengi walimfuata kwa ajili ya kaunta buku. Lilikuwa la kwaya tatu, jalada gumu jeusi na mgongo mwekundu, na ndani yake aliandika matokeo ya michezo aliyoyasikia redioni: nani kacheza na nani, mabao mangapi, kafunga nani, mbio zimekwenda kwa muda gani. Ubishi ukipamba moto kwenye kijiwe cha kahawa, wa Yanga na Simba au wa bondia fulani, mmoja alinyanyuka na kusema, "Twendeni kwa fundi." Fundi alifuta mikono, akalitoa kaunta buku chini ya meza ya kukatia, akalamba kidole na kufunua. Hakumruhusu mtu mwingine alishike. Akishasoma, ubishi umekwisha, na aliyeshindwa ananunua kahawa.

Mimi nilikuwa mpwa wake, msichana wa kutumwa dukani kila nikitoka shule: kuchomoa nyuzi, kukaza vifungo, kupasi. Kazi niliyoipenda ni kuishika redio. Ilikuwa Philips yenye koti la ngozi, na mawimbi ya Radio Tanzania Dar es Salaam yalikuwa yanakuja na kupotea kadiri nilivyoielekeza, kwa hiyo wakati wa mpira mimi ndiye niliyekuwa mlingoti. Betri zikichoka, nchi nzima ilijua dawa: unazianika juani zipate uhai kidogo. Lakini Lushoto kuanzia Juni hadi Agosti jua ni la kubahatisha. Ukungu unashuka kutoka Magamba usiku, unakaa mpaka adhuhuri, na betri ulizoanika unazianua zikiwa zimelowa. Mjomba alizipanga kando ya pasi ya mkaa, akazigeuzageuza, na mara nyingi zilitufikisha dakika ya tisini.

Mchezo ukiendelea aliandika kwa chaki ya fundi juu ya kitambaa cheusi kilichotandikwa mezani: dakika, jina, alama. Mpira ukiisha alihamisha yote kwa kalamu kwenye kaunta buku kabla ya kufunga duka, hata kama mteja amesimama mlangoni anadai gauni la harusi. Pembeni ya kila mstari aliweka herufi moja. R ni redio, g ni gazeti, k ni kwa kusikia, yaani mtu kamsimulia. Uhuru na Mzalendo yalipanda kwa basi kutoka Mombo, yakifika yamechelewa, na mara nyingine mstari wenye r uliongezwa g siku mbili tatu baadaye kwa wino mwingine. Mstari wenye k peke yake hakuutumia kukatia ubishi. Sijui nani alimfundisha. Alikuwa amesoma mpaka darasa la sita na hakuwahi kuingia ofisi ya kumbukumbu maisha yake yote.

Ukurasa wa kwanza ni wa 1968, na mstari wa kwanza unaohusu Mtanzania ni wa Oktoba mwaka ule: "Marathoni Mexico. Akhwari kamaliza wa mwisho, goti." Maneno saba, na herufi r. Leo dunia nzima inajua yaliyomo ndani ya maneno hayo. John Stephen Akhwari wa Mbulu aligongana na wenzake njiani, akaanguka, goti likateguka, akafungwa bandeji, akaendelea. Alipoingia uwanjani usiku, wa 57 kati ya waliomaliza, ilikuwa zaidi ya saa moja tangu Mamo Wolde wa Ethiopia ashinde, na watu wengi walikuwa wamekwisha kuondoka. Aliyekuwa hajaondoka ni mpiga kamera. Mtengeneza filamu Bud Greenspan alizichukua picha zile na kuzisambaza, na miaka nenda rudi zimeonyeshwa mashuleni na kwenye makongamano, hata katika nchi ambazo hazimjui mshindi wa siku hiyo. Nasema hivi bila kumpunguzia Akhwari kitu. Lakini najiuliza ni wangapi walifika mwisho wa mbio zao wakichechemea, kamera ikiwa imeshapakiwa kwenye gari.

Ukurasa wa Februari 1974 umechafuka kuliko yote, kwa sababu ulifunuliwa mno. Filbert Bayi, kijana wa Karatu, mita 1500, Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch, New Zealand. Mjomba aliandika 3:32.2 na kuuzungushia muda huo duara. Anayeangalia kwenye intaneti leo ataona 3:32.16. Hapana ugomvi: wakati ule rekodi ya dunia ilitangazwa kwa sehemu ya kumi ya sekunde, na redio ilisema sawasawa. Chini yake kuna sentensi moja, kitu adimu katika kitabu kile cha tarakimu: "Kaongoza tangu mlio wa bastola." Mjomba alielewa hilo ndilo la kuandika. Wakimbiaji wakubwa wa umbali ule walizoea kuviziana mizunguko mitatu, kisha kufyatuka mwishoni. Bayi hakuvizia mtu. Alichomoka mwanzo, akawaacha wamfukuze, na John Walker wa New Zealand aliyemfukuza mpaka utepe naye alimaliza chini ya rekodi ya zamani ya Jim Ryun. Mwaka uliofuata, Kingston, Jamaika, Bayi akavunja na rekodi ya maili: 3:51.0. Ipo, na r na g.

Kisha ugeuze mpaka 1976, Olimpiki ya Montreal. Nchi nzima ilikuwa inasubiri Bayi na Walker wakutane. Nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, zilisusia michezo ile kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza na makaburu wa Afrika Kusini. Katika kaunta buku kuna kichwa cha habari, "Montreal", kimepigiwa mstari kwa rula, na chini yake neno moja: "Hatukwenda." Ukurasa uliobaki mjomba hakuutumia, na yeye alikuwa bahili wa karatasi. Sikuwahi kumsikia akilaumu uamuzi ule. Alikuwa mtu wa TANU, na aliamini Afrika Kusini ni jambo kubwa kuliko medali. Lakini aliuacha ule weupe pale, uonekane.

Agosti 1979 nilikuwa mkubwa wa kutosha kukumbuka mwenyewe. Taifa Stars ilikuwa imeifunga Zambia 1–0 Dar es Salaam, na marudiano yalikuwa Ndola. Duka lilijaa mpaka kibarazani. Wazambia walipata bao, na mzee mmoja muuza mapeasi akajifunika kanga ya mkewe usoni, asisikie zaidi. Mimi nilikuwa nimeibeba redio kichwani kwa sababu huko juu ndiko ilikosikika. Dakika zikawa zinayoyoma, sauti inakwenda na kurudi, halafu likaja jina la Peter Tino katikati ya kelele, na sikuweza kujua kafanya nini kwa sababu waliokuwa karibu walikwisha kuruka na mimi nikasukumwa ukutani pamoja na redio. Ni 1–1. Tanzania imefuzu fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Kwenye kitambaa cheusi mjomba alikuwa ameandika T I N O kwa herufi kubwa zilizopinda. Usiku ule alinakili kama kawaida yake, herufi ndogo, mstari mmoja, r.

Tulikuwa na sababu yetu ya ziada huku milimani. Joel Bendera, kocha aliyekuwa na timu ile, ni mtu wa Korogwe, huko chini tunakokuona siku za jua kali ukisimama ukingoni. Baadaye alikuwa mbunge wa Korogwe, naibu waziri wa michezo, mkuu wa mkoa, na alipofariki Desemba 2017 taarifa nyingi zilianza na vyeo hivyo. Kwa wazee wa kijiwe chetu ni Bendera wa Ndola, basi. Machi 1980 Stars ilikwenda Lagos, ikafungwa 3–1 na Nigeria, 2–1 na Misri, ikatoka 1–1 na Ivory Coast, ikarudi nyumbani. Bao moja kila mchezo. Kurudi tena kwenye fainali zile kulichukua mpaka 2019, miaka 39, na ndani ya miaka hiyo yote Tino alikuwa anatajwa kila mwaka wa kufuzu na kusahauliwa kila tukishatolewa.

Siku za karibuni tumezoea kusema kwamba Watanzania hatuwathamini wachezaji wetu wa zamani, hatuna shukrani, tunawakumbuka msibani. Maneno hayo yamesemwa mno mpaka yamekuwa kama sala ya kufungulia kikao. Sikubaliani nayo, au tuseme nayaona yameanzia mahali pasipo. Mtu hawezi kumshukuru asiyemjua, na hawezi kumjua ambaye hakuandikwa. Aliyenionyesha hivyo ni mchezo ambao hata sheria zake sijazimaliza.

Mei 2024 ligi kuu ya besiboli ya Marekani ilitangaza kwamba takwimu za wachezaji wa ligi za Weusi za kati ya 1920 na 1948 zitahesabiwa sawa na zake. Besiboli kwetu ni mgeni wa juzi. Kuna uwanja Azania, Dar es Salaam, uliojengwa kwa msaada wa Japani, na wanafunzi wanaucheza. Mpira unarushwa, unapigwa kwa gongo, mpigaji anakimbia kuzunguka vituo. Miaka ile Mwamerika Mweusi hakuruhusiwa kucheza na Wazungu, akawa na ligi zake, mabasi yake, na mashabiki wake. Wachezaji zaidi ya 2,300 waliingizwa kwa mkupuo kwenye vitabu vilivyokuwa havina habari zao. Na mmoja, Josh Gibson, akakaa juu kabisa: kwa kila mara 1,000 za kusimama kupiga, alifanikiwa mara 372. Aliyekuwa wa kwanza kwa karibu karne nzima, Ty Cobb, alikuwa na 367. Gibson alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35, miezi michache kabla Jackie Robinson hajaruhusiwa kuvuka mpaka ule wa rangi. Kaburi lake Pittsburgh lilikaa bila jiwe la jina mpaka 1975.

Nilichotaka kujua ni zile 372 zimetoka wapi. Mtu amekufa 1947, timu zake zimevunjika, ligi yake haipo. Zimetoka kwenye magazeti. Pittsburgh Courier, Chicago Defender na mengine ya Weusi yaliandika jedwali la mchezo, jina kwa jina, pigo kwa pigo, pale wahariri walipopata nafasi na mtu wa kuwaletea. Miongo mingi baadaye wakatokea watu wenye uvumilivu wa ajabu, kina Larry Lester na Gary Ashwill, wakakaa mbele ya filamu za magazeti ya zamani na kujumlisha. Wenyewe wanakiri majedwali mengi hayajapatikana, kwa hiyo hesabu inaweza kubadilika. Waliopigiwa makofi katika mchezo ambao karani wake hakuja wamebaki nje, hata kama siku ile walikuwa bora kuliko Gibson.

Nilisoma habari ile nikacheka peke yangu, kwa sababu r, g na k ndicho walichokuwa wanafanya wale mabwana, ila wao walikuwa na kompyuta.

Huku Usambara hatuna udhuru wa kusema kuandika si desturi yetu. Mbegha, mwindaji aliyetoka Kilindi kule Unguu, akapanda milima hii, akawagawia watu nyama, akaua simba na kutawazwa Vuga, tunamjua mtoto kwa mzee. Abdallah bin Hemedi alimwandika kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Miaka ya 1960 akaja Mmarekani, Steven Feierman, akazunguka kijiji kwa kijiji akiuliza wazee, na kitabu chake kuhusu ufalme wa Wasambaa kikatoka 1974, mwaka wa Bayi. Ni kweli kwamba kabla ya wote hao Mbegha aliishi midomoni kwa vizazi. Lakini alikuwa na ukoo uliokula kwa jina lake. Kila Simba Mwene aliyekaa Vuga alihitaji hadithi ile ili akae. Mkimbiaji hana ukoo wa namna hiyo. Rekodi yake ikivunjwa, hakuna anayepoteza kiti kwa kumsahau, wala anayekipata kwa kumkumbuka. Ndiyo maana masimulizi peke yake, yaliyombeba Mbegha kwa miaka mia mbili, hayawezi kumbeba mwanariadha miaka thelathini.

Mchukue Titus Simba. Julai 1970, Edinburgh, Michezo ya Jumuiya ya Madola, ngumi, uzito wa kati. Alifika fainali na kurudi na medali ya fedha. Ukimtafuta leo utampata zaidi ndani ya wasifu wa mtu mwingine: John Conteh wa Liverpool, mtoto wa baba wa Sierra Leone, aliyemshinda siku ile na miaka minne baadaye akawa bingwa wa dunia. Conteh ana vitabu, ana filamu za mapambano. Titus Simba ni mstari mmoja njiani mwake. Sasa fungua kaunta buku la fundi wa Lushoto: "Titus Simba kapigwa na Mwingereza, fainali. Fedha. R." Mwingereza hana hata jina! Nilipouona mstari ule ukubwani nilifurahi kupita kiasi, sitaficha. Mahali pamoja duniani, kwenye karatasi yenye madoa ya mafuta ya cherehani, bingwa wa dunia ndiye asiyejulikana.

Lakini kaunta buku nalo lina upofu wake. Kurasa na kurasa, hakuna mwanamke. Nilikuwa darasa la saba nilipomuuliza mjomba, na hakukasirika. "Mama," ndivyo alivyoniita, "mimi naandika kinachosemwa. Redio haijasema." Nilimjibu kwamba redio ni ya wanaume. Akavuta uzi, akaukata kwa meno, akasema labda. Shuleni sisi wasichana tulikuwa tunacheza rede mpaka jua linazama, mmoja katikati, wawili wanamlenga kwa mpira wa soksi, na kulikuwa na mtoto wa kutoka Mtae ambaye haikuwahi kutokea nikauona mpira ukimgusa. Hakuna aliyewahi kufikiria kwamba lile ni jambo la kuhesabiwa, hata sisi wenyewe.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo cha ualimu, mkufunzi wa michezo alitusimulia habari za Theresia Dismas. Mwaka 1965, katika Michezo ya kwanza ya Afrika iliyofanyika Brazzaville, alirusha mkuki na kuipatia Tanzania medali ya fedha. Hiyo ni miaka mitatu kabla ya Akhwari, mitano kabla ya Titus Simba, tisa kabla ya Bayi. Mwanzo wa medali zetu yupo mwanamke mwenye mkuki, na mimi nimelelewa chini ya meza ya mtu anayejua matokeo yote, nisimsikie. Nilirudi likizo nikiwa na hasira ya kijana aliyesoma. Nikamwambia mjomba aandike. Akaniuliza mwaka, mji, medali gani, nani kaniambia. Akafungua ukurasa wa kwanza kabisa, juu ya 1968 ambako palikuwa na nafasi, akaandika kwa mwandiko wake wa taratibu: "1965 Brazzaville. Theresia Dismas, mkuki, fedha." Akasita. Kisha akaweka k.

Tulibishana mpaka shangazi akatuletea chai. Nilitaka aweke herufi nyingine, yoyote. Kwangu k ilikuwa dharau, kama kwamba mwanamke ni uvumi. Yeye alisema mkufunzi wangu si redio wala gazeti, na akimpa Theresia herufi asiyostahili, kesho mtu wa kijiwe atamuuliza, naye atashindwa kumtetea. "Niletee gazeti," alisema. Wakati ule niliona ni ukaidi wa mzee. Baada ya kufanya kazi na nyaraka miaka mingi nimemwelewa. Hesabu ya Gibson isingeaminiwa na mtu kama akina Lester wangejumlisha na sifa za vijiweni, na sifa hizo zilikuwa tele, nyingi zikiwa tamu kuliko takwimu.

Ukilipindua kaunta buku juu chini na kulianza kwa nyuma, unakuta muziki. Hapo mjomba alilegeza kamba, hakuna herufi za pembeni, ni majina ya bendi na nyimbo alizozipenda: Jamhuri Jazz na Atomic za Tanga, Western, NUTA, Morogoro ya Mbaraka Mwinshehe, ambaye kifo chake, Januari 1979, kimewekwa ndani ya fremu ya wino. Kina Kinyonga wanaonekana wakiwa na Jamhuri, kisha wakahamia Arusha, kisha wakavuka mpaka mwaka 1971 na kuwa Simba Wanyika. Kutokana na Simba Wanyika wakatoka waliounda Les Wanyika. Vijana ninaokutana nao wanaapa kwamba hao ni Wakenya asilia, na siwalaumu: santuri zilitengenezwa Nairobi, na jina husomwa pale palipoandikwa lebo. Bendi zilizobaki huku zilirekodiwa na RTD kwenye kanda kubwa za sumaku zilizokaa stoo.

Sasa mtu ataniambia dunia imebadilika. Kweli. Septemba 2025, Tokyo, Alphonce Simbu alipomshinda Mjerumani Amanal Petros kwenye marathoni ya ubingwa wa dunia kwa sekunde 0.03, mimi nilikuwa nimeshaitazama video ile kwenye simu kabla chai haijapoa. Medali ya dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano yale haihitaji fundi cherehani. Wanaomhitaji ni watoto wa UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi. Nenda uwanjani wakati wa mchujo wa wilaya, uone. Watoto wanashuka kutoka Lukozi na Mlalo kwa magari ya mbao, wanakimbia pekupeku kwenye nyasi zenye umande, mwalimu anapima muda kwa simu, anauandika kiganjani kwa kalamu, anatangaza wa kwanza mpaka wa tatu, na jioni ananawa mikono ale. Video zipo, kila mtu kanyanyua simu. Simu ikianguka chooni au ikibadilishwa, mbio zimekwenda nayo.

Mjomba alifariki akiwa ameniachia kaunta buku na mkasi wake mkubwa. Nimelipiga picha ukurasa kwa ukurasa, nakala zipo mahali tofauti. Sehemu ya michezo ya kitaifa haikunisumbua, kwani kila tarakimu inaweza kulinganishwa na nyingine mahali fulani. Kinachonisumbua ni kurasa za katikati, ambazo zamani nilikuwa naziruka: michezo ya hapahapa, Soni na Bumbuli, timu za mashamba ya chai, walimu na maafisa kilimo. Humo hakuna r wala g, ni alama ya jicho tu, maana yake alikuwepo mwenyewe uwanjani. Na wachezaji wameandikwa kwa majina ya utani, kwa sababu ndiyo waliyojulikana nayo. Kuna Kipande, kuna Saa Mbovu, kuna mmoja aitwaye Treni aliyefunga mabao manne siku moja dhidi ya Mlalo mwaka 1977. Manne! Na jicho pembeni.

Nilikwenda kijiweni na nakala ya ukurasa ule. Waliobaki wa rika lile ni wachache, wanakaa upande wa jua wakiwa wamevaa masweta. Nilisoma mstari kwa sauti na kuuliza Treni ni nani.

"Ni mimi," alisema mzee wa kwanza kabla sijamaliza.

"Wee mgosi," akadakia wa pili, "wewe ulikuwa beki. Beki anafungaje manne? Treni ni marehemu kaka yangu, na viatu vyake mpaka leo vipo nyumbani."

Wa tatu alikuwa anakunywa kahawa taratibu. Akaweka kikombe chini akasema Treni alikuwa mtu wa kuja, dereva wa lori la mbao, alicheza msimu mmoja akahamishiwa Same, na hao wawili wote walikuwa benchi. Hapo ndipo kelele zilipoanza hasa. Muuza kahawa akaacha kumimina, wapita njia wakasimama, mtu akatumwa akalete viatu vya marehemu kama ushahidi. Nilitoa kaunta buku langu jipya, nikawaambia nitaandika majina yote matatu, kila moja na msemaji wake, na wote watapewa k.

"K ndiyo nini?" aliuliza yule beki. Nikamweleza. Akafikiri kidogo, akavuta sweta.

"Sawa," alisema. "Lakini langu litangulie."